Kima, Papa na Wasikilizaji Wao



Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha mjini London ngano alizozikusanya kisiwani humo. Mojawapo mnaijua. Kima alizoea kumtupia rafiki yake papa matunda ya mkuyu. Siku moja papa akamkaribisha kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya bahari akamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakubabaika. Akajibu kwamba wao wakitoka kwenda matembezini huiacha mioyo yao juu ya mti. Papa akageuza, kima akarukia tawini, na urafiki ukaishia hapo.

Ngano hii ni yetu, nami nalisema hilo mapema, maana kisa hicho hicho kimo katika Panchatantra, mkusanyiko wa ngano za India. Huko mbebaji ni mamba, na mti ni wa jamii ya mzambarau. Katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa alipofasiri kitabu cha ngano cha Kalila na Dimna kwa Kiarabu kutoka Kipahlavi, mbebaji alikuwa kasa na mti ulikuwa mtini, ambao mkuyu wetu ni ndugu yake. Korea mgonjwa ni mfalme wa bahari, na kinachotafutwa ni ini la sungura.

Je, tuliazima? Kwangu swali hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kuna msimuliaji wa pwani, ambaye jina lake hatunalo, aliyewatazama watoto waliomzunguka, watoto wa wavuvi, akajua ni nani wanayemwogopa majini. Akamtia papa. Ngano ikapata kwao.

Pepo za msimu zilimpa msimuliaji huyo nafasi ya kukisikia kisa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na India hayakuweza kurudi mpaka kusi livume. Mabaharia walikaa bandarini miezi, wakila, wakiuza, wakioa, na yaelekea wakisimulia. Vitabu navyo vilisafiri, sikatai. Lakini kitabu hakimwoni anayekisoma, na msimuliaji humwona anayemsikiliza.

Angalieni inavyokuwa barazani. Bibi anasema, “Paukwa!” Asipopata “Pakawa!” iliyoshiba, haanzi. Akifika pale papa anapogeuka, mjukuu anadakia: “Bibi, kwani papa hakujua moyo hautoki?” Bibi hana budi kujibu, na jibu lake linaingia katika ngano, kesho litasimuliwa kama sehemu yake. Korea, kisa cha sungura huimbwa hadi leo katika pansori, usimulizi wa kuimba, na mpiga ngoma humjibu mwimbaji kwa miito ya kumtia moyo, na hadhira vilevile. Mtu wa Lamu akikaa katika hadhira hiyo hataelewa maneno, ila atatambua mara moja kwamba naye anangojwa aitikie.

Ndiyo maana nashikilia kwamba masimulizi huunganisha watu kwa sababu humpa msikilizaji haki ya kuyagusa. Watu wawili wa mbali wakigundua wana kisa kimoja, watabishana: ni mamba au papa? Ni moyo au ini? Katika ubishi huo kila mmoja atalazimika kueleza mto wake, bahari yake na wafalme wake. Sijui njia bora zaidi ya kufahamiana.

Basi naumia nionapo jinsi tunavyonakili ngano zetu. Tunaandika maneno ya msimuliaji, tunafuta kicheko, tunafuta swali la mtoto, mara nyingine hata jina la msimuliaji mwenyewe. Tunachohifadhi ni nusu.

Wanafunzi wangu, likizo hii mkirudi nyumbani na simu zenu, msimrekodi bibi peke yake chumbani. Mngojeni jioni, watoto wakiwa wamemzunguka. Andikeni jina lake kwa idhini yake, na kila anayemkatiza, mwacheni asikike.