Dawa ya Moyo: Tusome Kabla ya Kumeza

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Ilemba



Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo. Walisoma ili watende. Leo nasi tusome kitu kidogo tu: bahasha ya dawa ya moyo.

Moyo mzima hupiga kwa mpango, kama mtu anayetwanga peke yake kwenye kinu. Lakini uko ugonjwa ambao mapigo huenda ovyo. Mara yanakwenda mbio, mara yanasita. Sababu moja ni shinikizo kubwa la damu. Nyingine ni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa na huharibu milango ya moyo. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka tu bila kusukuma, damu hutuama na kuganda. Bonge la damu likifika kwenye ubongo, mtu hupooza. Hicho ni kiharusi. Hajarogwa, jamani.

Kwa ugonjwa huu wengine hupewa digoksini, ipunguze mbio za moyo. Wengine hupewa warfarini, izuie damu isigande. Zipo na nyingine. Kila mgonjwa ana dawa yake na kipimo chake. Kwa hiyo usimgawie jirani kidonge chako.

Sasa tuangalie bahasha. Ikiandikwa 1 x 2, maana yake ni kidonge 1, mara 2 kwa siku. Si hesabu ya kuzidisha, tukameza viwili kwa pamoja! Ukisahau, usifidie kwa kumeza mara mbili. Ukipata nafuu, usiache mwenyewe. Nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Digoksini asili yake ni majani. Daktari Mwingereza, William Withering, aliandika kitabu juu ya mmea wa jamii hiyo mwaka 1785. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana sana. Dawa ikizidi, mtu hukosa hamu ya kula, hutapika, au huona vitu vina rangi ya manjano. Kabla ya kumeza, weka vidole kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika 1 nzima. Yakiwa chini ya 60, usimeze kwanza. Mwone mganga wa zahanati.

Warfarini nayo ikizidi, fizi hutoka damu, mkojo huwa mwekundu, choo huwa cheusi kama lami. Hapo usingoje kesho. Damu ipimwe kila tarehe unayoandikiwa. Aspirini ni hatari pamoja nayo, na dawa za miti shamba zinaweza kuivuruga. Mboga za majani tule, ila kwa kiasi kile kile kila wiki. Mama anayetumia warfarini akihisi ana mimba aende kwa mganga mara moja, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Huku bondeni malaria tunaijua. Lakini kwinini inaweza kuongeza nguvu ya digoksini mwilini. Basi kabla ya kupokea dawa yoyote, hata dukani, toa bahasha yako useme: "Natumia dawa hii ya moyo."

Tena, vidonge visiishe ndipo tuanze safari. Wakati wa mvua, kupanda milima ya Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga si jambo la kutegemea. Na tuviweke pakavu, mbali na watoto.

Ndugu, wapo wazee majumbani mwetu ambao hawasomi, na dawa wanameza. Jioni hii tuchukue bahasha zao tuwasomee kwa sauti: jina la dawa, vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Panaposomeka vibaya tusikisie. Kesho asubuhi tuirudishe zahanati, tuulize.