Katana au Kanze: Mhadhara wa Umma Kuhusu Maumbile ya Jinsia na Utambulisho Wake



Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, makarani wa sensa walianza kubisha hodi nchini kote wakiwa na swali la jinsia lenye majibu matatu. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imefanya hivyo kabla ya Kenya. Hesabu ilipotoka, tulikuwa watu 47,564,296, na 1,524 miongoni mwetu wameandikwa kuwa huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike. Kaunti yetu ya Kilifi ilipata wanaume 704,089, wanawake 749,673, na huntha 25.

Watu 25, kutoka Mtwapa hadi Magarini! Mimi sizikubali hesabu hizo, na nitaeleza sababu.

Mwaka 2000 mwanabiolojia wa Marekani, Anne Fausto-Sterling, aliandika kwamba asilimia 1.7 ya watoto huzaliwa na maumbile ya jinsia yaliyotofautiana kwa namna fulani na yale ya kawaida. Miaka miwili baadaye daktari wa huko huko, Leonard Sax, alimjibu kwamba kiwango halisi ni asilimia 0.018. Tukichukua kipimo cha mama huyo, Kilifi ingekuwa na huntha zaidi ya 24,000. Tukichukua cha Sax, ni kama 260. Hitilafu kubwa namna hii haitokani na kukosea kujumlisha. Fausto-Sterling alihesabu kila tofauti ya homoni na kromosomu, na sehemu kubwa kabisa ya hesabu yake ni watu wenye kasoro ndogo ya tezi zilizo juu ya figo. Wengi wao huoa au huolewa, huzaa, na pengine hawatajua maishani mwao kwamba kuna mtu aliyewaingiza katika hesabu hiyo. Sax alihesabu wale tu ambao mkunga akiwatazama hajui aseme nini, au ambao kromosomu zao hazikubaliani na umbo lao. Katika hili mimi niko na Sax. Lakini hata kwa hesabu yake, wenzetu zaidi ya 200 wa kaunti hii hawakuandikwa. Wako wapi? Wako majumbani. Karani alimuuliza mkuu wa kaya, tena barazani, mbele ya mkwe na majirani. Nani angejibu?

Mjadala huu wa jinsia unaochemka duniani umegawa watu kambi mbili, na kila kambi huwachukua huntha ikawafanya silaha. Wa kwanza husema: mnaona, huntha wapo, kwa hiyo mwanamume na mwanamke ni mambo ya kubuniwa na jamii. Wa pili husema: Mungu aliumba mume na mke, basi hao wengine ni uzushi wa Wazungu. Wote wawili wamekosea.

Nianze na wa kwanza. Kazi ya uzazi ina seli za aina mbili: yai, lililo kubwa na lisilojongea, na mbegu, iliyo ndogo na yenye kuogelea. Hakuna seli ya tatu, kwa binadamu wala kwa mbuzi. Huntha hana seli ya aina ya tatu. Alichonacho ni safari ya ukuaji iliyopinda mahali fulani njiani. Mwaka 1990 watafiti wa London walitambua jeni iitwayo SRY kwenye kromosomu Y, ambayo huanzisha kazi ya kujenga korodani katika wiki za mwanzo za mimba. Baada ya hapo zinafuata hatua nyingi: homoni zitoke, tena kwa wakati wake, na mwili uzipokee. Hatua moja ikienda kombo, mtoto mwenye XY anaweza kuzaliwa na umbo la kike, na mwenye XX akazaliwa akifanana na mvulana.

Nyinyi wa hapa Junju hamhitaji kufundishwa maana ya kuchomwa kidole. Watoto wa hapa wamefuatwa kwa miaka mingi na watafiti wa malaria wa taasisi ya KEMRI. Basi nitoe mfano wa damu. Kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachokinga chembe nyekundu, na jeni yake imekaa kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, kwa hiyo ama jeni yake ni nzima ama ni pungufu. Msichana ana mbili, na kama Mary Lyon wa Uingereza alivyoeleza mwaka 1961, kila seli ya mwili wa kike huzima X moja na kutumia nyingine. Kwa hiyo msichana aliyerithi jeni moja nzima na moja pungufu hubeba damu ya aina mbili kwa pamoja. Mwaka 2015 Sophie Uyoga na wenzake walichapisha utafiti kutoka hapa Kilifi: wasichana wa namna hiyo walikuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, ilhali wavulana wenye upungufu huo hawakuonekana kuipata. Atakayewaambia kwamba tofauti ya kike na kiume ni maneno tu, mpelekeni Kilifi akasome matokeo hayo.

Sasa hao wa pili, wanaosema ni uzushi. Masheikh waliopo hapa wanajua kwamba vitabu vya fikihi ya Kishafii vilivyosomeshwa pwani hii kwa karne nyingi vina mlango wa huntha. Katika mirathi, huntha ambaye hali yake haijabainika hupewa fungu lile lisilo na shaka, na lililobaki husimamishwa mpaka jambo lidhihirike. Mafakihi hao hawakuwa wafadhiliwa wa mtu. Walikutana na mtu aliyekuwa mbele yao, mwenye haki ya kurithi, wakamtafutia hukumu. Kilichonivutia ni ule ujasiri wa kungoja: hawakumlazimisha awe hiki au kile ili karatasi ijae.

Hospitali zetu za kisasa ndizo zilizokosa utaratibu wa namna hiyo. Mwezi Mei 2009 mtoto alizaliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na penye nafasi ya jinsia kwenye karatasi zake pakawekwa alama ya kuuliza. Mama akaenda mahakamani, na tarehe 5 Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola alimtaka Mwanasheria Mkuu aeleze ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za huntha, na ni kanuni zipi zitakazoongoza upasuaji wa watoto hao. Kikosi kazi kikaundwa mwaka 2017, sensa ikafuata, kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022. Sheria hiyo inamtambua mtoto huntha, na inakataza kumbadilisha au kumkata viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba. Ni sheria nzuri, ingawa mabingwa wenyewe nchini ni wachache, na mzazi wa Junju hajui awatafute wapi.

Kwa nini kisu kisubiri? Sikilizeni kisa cha David Reimer wa Winnipeg, Kanada, aliyezaliwa mvulana kamili mwaka 1965. Alipokuwa na miezi 8 tohara iliharibika, uume ukaungua. Profesa John Money wa Johns Hopkins, aliyeamini kwamba malezi ndiyo huamua mtoto ajione nani, aliwashauri wazazi wamlee kama msichana, na akafanyiwa upasuaji. Kwa miaka mingi kisa hicho kilitajwa kuwa ushindi wa sayansi. Lakini mtoto hakukubali kamwe, na alipofika ujanani akarudi kuishi kama mwanamume. Alijiua mwaka 2004. Nani atakayejibebesha dhambi ya namna hiyo juu ya mtoto wa mwenzake?

Hapo tumeshaingia katika suala la utambulisho, yaani mtu anavyojijua nafsini mwake, nalo ni suala jingine. Wapo watu waliozaliwa na miili isiyo na utata wowote na bado wakajiona wa jinsia nyingine. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha au kukanusha hisia hiyo. Ushahidi tulio nao ni kauli ya mwenyewe na maisha anayoishi. Sayansi inaweza kuuliza dawa gani inasaidia, inadhuru nani na kwa umri gani, na juu ya watoto jibu lake bado lina mashaka mengi: Uingereza ilirudi nyuma katika kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe baada ya ripoti ya Dkt. Hilary Cass ya 2024. Lakini namna ya kumtendea mtu wa namna hiyo ofisini au shuleni ni suala la sheria na utu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mmoja wa watu hao, cheti kisicho na alama ya jinsia. Mimi naiona hukumu ya busara, maana alama za mtihani hazikupatikana kwa jinsia yake.

Michezo ni kinyume chake, kwa sababu pale mwili ndio unaoshindana. Fainali ya mita 800 ya wanawake, Rio 2016, medali zilichukuliwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi, na Margaret Wambui wa kwetu. Wote watatu walikuja kubanwa na kanuni za riadha za 2019 kuhusu homoni za kiume mwilini. Naona ni haki kuwa na mbio za wanawake zenye mipaka. Sioni haki yoyote katika kuanika siri za miili ya mabinti hawa magazetini.

Sasa niwageukie wakunga na akina nyanya, kwani nyinyi ndio mnaotangulia kumwona mtoto. Miongoni mwa watoto wenye umbo lenye utata, wamo wasichana wenye XX ambao tezi zao za juu ya figo hazitengenezi homoni ya kutunza chumvi. Mtoto huzaliwa akiwa na nguvu zake. Katika wiki ya pili au ya tatu huanza kutapika, anakataa titi, analegea, macho yanadidimia. Ni rahisi kusema ni nyuni, au ni malaria, na akazikwa hivyo. Kumbe dawa ipo, na akitumia kila siku huishi, hukua, na anaweza kuzaa. Kwa hiyo dharura ya mtoto wa namna hii ni kupimwa chumvi ya damu. Upasuaji unaweza kungoja miaka.

Najua familia inataka jina. Ukoo unangoja kuambiwa kama amekuja Katana au Kanze, na kila siku ya kunyamaza inaleta minong'ono. Mpeni jina lolote la wazee wake mnaloona linafaa, mlibadilishe baadaye ikibidi, na msimwite mkosi wala laana ya mtu.

Sensa nyingine inatarajiwa 2029. Karani akija, mwiteni kando mumwambie ukweli, hata kama barazani kuna wageni. Na akizaliwa mtoto wa namna hii usiku wa leo, mpelekeni hospitali ya Kilifi kesho asubuhi. Msisubiri arobaini.