Zakaria Aliomba Kibao



Mwinjili Luka, katika sura ya kwanza, anatusimulia siku ya kumpa jina mwana wa Zakaria na Elizabeti. Zakaria alikuwa hawezi kusema. Ndugu na majirani wakamwuliza kwa ishara, naye akaomba kibao, akaandika jina la Yohane. Katika nyumba ile baba hakusahauliwa. Mikono ya jirani ilisema naye, na maandishi yakampa nafasi ya kujibu.

Je, nyumba zetu ni hivyo? Mwaka mmoja hapa Makuyuni tulikwenda kumzika bibi mmoja mzee. Mjukuu wake mdogo, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa amepelekwa kwa jirani pamoja na watoto wengine. Aliporudishwa, alimtafuta bibi jikoni, shambani na kisimani. Aliona watu wakilia, lakini hapakuwa na mtu aliyejua alama ya kumwambia kwamba bibi amefariki. Nasi tuliohubiri siku ile tuliwafariji wote, isipokuwa yeye. Tunaungama kosa hilo.

Wapendwa, mtoto anayesikia hapa kwetu hupokea Kizigua au Kisambaa mgongoni mwa mama, na Kiswahili kwa wenzake, kabla hajaujua mlango wa shule. Mtoto kiziwi asiyepewa lugha ya alama nyumbani huenda akaingia darasani bila lugha hata moja. Ndipo tunamwita bubu, au mzito wa akili, kumbe ana njaa ya lugha. Atasomaje neno ambalo maana yake hajapata kuijua?

Shule ya kwanza ya viziwi nchini mwetu ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora, mwaka 1963. Tunamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Hata hivyo, shule yoyote, hata iwe njema namna gani, haiwezi kuchukua nafasi ya mama.

Basi tuanze nyumbani. Tumguse bega kwa upole, tumtazame usoni penye mwanga. Tumwendee kiziwi mtu mzima, au wenzetu wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, watufundishe. Maana lugha ya alama ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Tunapopukuchua mahindi, tumwonyeshe hindi, tufanye alama yake, kisha tuandike neno hilo kwa mkaa juu ya ubao. Kesho tuandike maji, keshokutwa jina la mama. Tusihofu kwamba alama zitamzuia kusoma, kwani ndizo zinazompa maana ya kile anachosoma. Na wenzake wakicheka kwenye sinia ya chakula, asiambiwe angoje. Aelezwe papo hapo. Nanyi makatekista, mwekeni mbele, ayaone mafundisho.

Katika Injili ya Marko, Bwana wetu alimchukua kiziwi kando ya umati, akamgusa masikio na ulimi, ndipo akatamka Efatha, yaani kufunguliwa. Leo tuombe neno hilo litushukie sisi tunaosikia, mikono yetu ifunguliwe, asiwepo tena mtoto wa kumtafuta bibi kisimani peke yake.

Tumsifu Yesu Kristo.