Risala ya Kamati ya Mahesabu: Habari ya Kompyuta Yetu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Viongozi wa Mtaa,
Akina mama wenzetu na wote mnaotuunga mkono,

Kikundi kimetimiza miaka 10. Habari za hisa na mikopo mmeshazisikia kwa Mama Mwenyekiti, hatutazirudia. Sisi tumepewa dakika chache tueleze habari ya kompyuta, maana ndiyo nusura ituvunje.

Tuliinunua ikiwa imetumika, yenye Windows 7. Kwa kazi yetu ilitosha. Faini za waliochelewa kurejesha ilizihesabu yenyewe kwa kuangalia tarehe ya siku ile. Mwaka 2021 faini zikaanza kupotea. Mtu amechelewa miezi mitatu, anaonekana hadaiwi faini hata senti. Maneno yakaanza: eti Mweka Hazina anawafutia mashoga zake. Mama wa watu alilia, akarudisha ufunguo wa sanduku.

Tukaenda dukani tulikoinunua. Jamani, tulizungushwa! Mara njooni kesho, mara fundi yuko safarini, simu inaita haipokelewi. Mwisho tukaambiwa mashine imezeeka, Windows 7 imeachwa na wenyewe tangu tarehe 14 Januari, 2020, basi tununue mpya. La tarehe hiyo ni kweli, na ndiyo sababu intaneti hatuiunganishi. Lakini sisi tuliuliza faini zimekwenda wapi. Hakuna aliyefungua hata skrubu moja, na hela ya ukaguzi tulilipa.

Aliyetutoa ni kijana wa kutengeneza redio hapa mtaani. Aliiwasha, akatazama tarehe, akacheka: kompyuta ilidhani ni Januari 2009! Ndani yake mna kibetri cha duara kama sarafu, kinachoifanya ikumbuke tarehe hata waya ukichomolewa. Kilikuwa kimekufa. Kila tukichomoa waya, inarudi nyuma, na mwaka 2009 kikundi chenyewe kilikuwa hakijazaliwa, seuze kuchelewa mkopo. Kibetri kipya hakikufika bei ya kilo ya sukari.

Mama Mweka Hazina, radhi ulishaipokea kikaoni na ufunguo ukauchukua tena, ila tumeona iandikwe humu kitabuni.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: utusaidie kupata nafasi ya wanachama wawili kujifunza ufundi wa mashine kuukuu. Mpya tutanunua Mungu akijalia, lakini mahesabu ya wiki hii hayangoji.

Tunaomba kuwasilisha.