KUTETEA UHURU WA RAIA NI KAZI YA NANI?

(Hotuba ya wakili wa shirika moja la kutetea haki za raia, aliyoitoa katika mkutano wa tawi. Tumeichapa hapa ili wanachama waliokuwa zamu siku ile nao wapate kuisoma.)



Katibu wenu aliniandikia barua fupi akasema nije niwaeleze kazi yangu, tena nisilete Kiingereza cha kortini. Nitajitahidi.

Mimi ni wakili, lakini sina ofisi ya biashara. Nafanya kazi katika shirika lisilotafuta faida. Kazi yetu ni kutetea uhuru wa raia: uhuru wa kusema, wa kukutana, wa kuandamana, wa kujiunga na chama, wa kutokamatwa ovyo na wa kutopigwa na mtu aliyevaa sare. Anayekuja kwetu halipi hata senti moja.

Kila ninapokwenda naulizwa maswali matatu. La kwanza: Kama mteja halipi, nani anakulipa wewe? La pili: Kwa nini mnatetea watu wabaya? La tatu: Mambo haya yanatuhusu nini sisi wafanyi kazi, ambao shida yetu ni mshahara? Nitayajibu yote, kisha nitawaomba jambo.

Lakini kwanza niwaambie kazi yenyewe ilivyo. Watu hudhani ni kusimama mbele ya jaji na kusema maneno makubwa. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kusimama kwenye meza ya kituo cha polisi saa nne ya usiku, ukiuliza kwa upole: "Mtu wangu yuko hapa?" Unaambiwa hayupo. Unaomba kuona kitabu cha OB. Unaambiwa kimefungiwa. Unangoja. Baada ya saa mbili unasikia sauti yake seli ya nyuma akiita jina lako. Ukiwa na hasira utatolewa nje, na mtu wako atabaki ndani peke yake. Kwa hiyo jambo la kwanza wakili wa kazi hii hujifunza ni subira, na la pili ni kuandika kila kitu: saa, tarehe, namba ya askari, maneno aliyosema. Kesi nyingi hushindwa kwa sababu hakuna aliyeandika.

Sehemu nyingine ni kwenda Mahakama Kuu kushtaki kwa niaba ya wengi. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ye yote, au chama, anaweza kufungua kesi kwa niaba ya mwingine asiyeweza, au kwa manufaa ya umma, na kufungua kesi ya namna hiyo hakuna ada. Mfano ni Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuwasaidia maskini katika mambo ya sheria. Mwisho wa mwaka 2012 Serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wote waliokaa mijini wahamishwe kambini. Kituo cha Sheria kilikwenda kortini pamoja na wakimbizi wenyewe. Mwezi wa Julai 2013 Mahakama Kuu ilifuta amri ile, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Wakimbizi wale hawakuwa na kura wala pesa. Walikuwa na sheria, na mtu wa kuisoma kwa sauti.

Sasa swali la kwanza: Nani analipa? Nasema kweli, wengi wetu twalipwa na wafadhili, na wengi wa wafadhili hao wako ng'ambo. Mshahara wangu ni mdogo kuliko wa wakili wa biashara, lakini mwisho wa mwezi unafika. Hata hivyo, udhaifu wake mnauona. Mfadhili akigeuza nia, shirika linapunguza watu. Tena adui zetu hupata la kusema: "Hawa ni vibaraka wa wageni." Na hata sheria ya kutuandikisha ina mambo yake. Bunge lilipitisha sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, lakini haikuanza kutumika mpaka Mei 2024. Miaka 11 ilikaa kabatini! Mtu anayetegemea pesa za mbali na ruhusa ya karibu hana miguu imara. Nitarudi hapo.

Swali la pili: Kwa nini mnatetea watu wabaya? Ndugu zangu, mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Askari akiruhusiwa kumpiga mwizi ili akiri, hakuna mtu atakayesimama mlangoni kuchagua mwizi ni nani. Leo atapigwa kijana wa mtaani ambaye hamumpendi, na kesho, siku ya mgomo, atapigwa katibu wa tawi kwa kirungu kile kile. Sisi hatusemi kwamba mteja wetu ni mtu mwema. Twasema aulizwe mbele ya hakimu, mchana, akiwa na mtu wa kumtetea. Akiwa na hatia, sheria itamfunga. Katiba, kifungu cha 25, imetaja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yo yote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na haki ya kuletwa mbele ya korti ukiwa umefungiwa. Haikusema "isipokuwa watu wabaya".

Swali la tatu ndilo langu hasa leo: Yanawahusu nini? Nawajibu kwamba kazi hii haikuanza na mashirika. Ilianza na vyama vya wafanyi kazi. Baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, Chege Kibachia aliongoza chama cha wafanyi kazi Waafrika. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikamatwa, akapelekwa kizuizini Kabarnet. Mwaka 1949, Mei mosi, Fred Kubai na Makhan Singh walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyi kazi vya Afrika Mashariki. Mei 1950 wote wawili walikamatwa. Wafanyi kazi wa Nairobi waligoma, na askari wakatumwa kuwatawanya. Makhan Singh hakurudi nyumbani mpaka Oktoba 1961. Alikaa miaka zaidi ya 11 mbali na watu wake, na hakuhukumiwa kwa wizi wala kwa damu ya mtu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya Oktoba 1952. Vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku. Mwezi wa Aprili 1954 Serikali ya kikoloni ilizingira Nairobi na kuchukua maelfu ya watu, wakiwamo viongozi wengi wa vyama vyenu. Siku zile ni nani aliyekuwa na mdomo wa kusema juu ya watu waliofungiwa bila kesi? Ni shirikisho la wafanyi kazi, Tom Mboya akiwa katibu wake. Chama kilichoanzishwa kudai mshahara kilijikuta kinadai watu. Kilielewa kwamba mtu aliye kizuizini hawezi kudai nyongeza.

Wala msidhani jambo hili liliondoka na Mwingereza. Sheria ya mwaka 1966 iliirudishia Serikali yetu wenyewe uwezo wa kuweka watu kizuizini bila kesi. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alipeleka notisi ya kuishtaki Serikali kwa niaba ya watu waliosema wameteswa mikononi mwa polisi. Jibu lake? Yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini. Ilichukua muda mrefu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa katika jengo la Nyayo House walipwe fidia. Wengine walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 20.

Na katika siku zetu hizi hizi, kuna jambo ambalo kila wakili wa kazi yangu analo moyoni. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi na askari, akapona, kisha akafunguliwa mashtaka yeye. Alitetewa na Willie Kimani, wakili wa shirika lisilotafuta faida kama mimi. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka korti ya Mavoko, wakili, mteja na dereva wa teksi, wakatekwa njiani. Miili yao ilipatikana mtoni baada ya siku chache. Mawakili waliacha kazi wakaandamana barabarani. Mwaka 2022 askari watatu na mpashaji habari wao mmoja walipatikana na hatia, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao kifo na wengine jela. Nataka mkumbuke kesi ile ilianza na nani. Ilianza na mfanyi kazi wa barabarani aliyekataa kunyamaza.

Niwaambie pia jambo gumu ndani ya kazi yetu. Mlinzi mmoja wa usiku alipigwa kituoni akavunjika mkono. Tulikuwa na ushahidi mzuri, na shirika lilitaka hukumu ya jaji, hukumu ambayo ingesaidia wengine. Upande wa pili ukatoa pesa za kumaliza maneno. Mlinzi akaniambia: "Bwana wakili, watoto wangu wamefukuzwa shule." Akapokea pesa, na kesi ikaisha. Wenzangu wengine walisikitika. Mimi nasema kesi ilikuwa yake na mkono ulikuwa wake. Lakini fikirini: kama angekuwa na chama nyuma yake, chama cha kulipa karo ya muhula mmoja tu, angeweza kungoja. Ushujaa wa mtu mmoja mara nyingi ni hesabu ya unga na karo.

Hapo ndipo ombi langu linapoingia. Nina mambo manne.

Kwanza, jueni haki zenu za siku ya kukamatwa, kifungu cha 49. Lazima uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Una haki ya kunyamaza, na ya kuongea na wakili. Usilazimishwe kukiri. Lazima ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au, kama zinakwisha korti imefungwa, siku ya korti inayofuata. Ndiyo sababu wengi hukamatwa Ijumaa jioni! Una haki ya dhamana ila kama kuna sababu nzito. Bondi ya polisi haina malipo. Ukiweka pesa za dhamana, dai risiti. Ukiumizwa, nenda hospitali upesi na utake fomu ya P3, nayo pia haiuzwi.

Pili, fuateni sheria yenu wenyewe, ili adui asipate mlango. Mgomo, chini ya sheria ya mwaka 2007, wataka kwanza mapatano yawe yameshindikana mbele ya mpatanishi, kisha notisi ya maandishi ya siku 7. Maandamano yataka notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Notisi ni kujulisha, si kuomba ruhusa. Wekeni nakala iliyopigwa muhuri.

Tatu, kila tawi lichague watu wawili wa mambo ya sheria. Si lazima wawe wamesoma sana. Wawe na daftari, namba za simu za mawakili, na miguu ya kwenda kituoni. Mwezi wa Juni 2024 vijana walipokamatwa kwa kupinga Muswada wa Fedha, mawakili wengi walikwenda vituoni bila malipo, lakini mawakili hawawezi kuwa kila kituo. Na siku ya kesi, jazeni mabenchi ya korti. Hakimu akiona watu 40 wamekaa kimya, hiyo pekee ni habari.

Nne, tengeni sehemu ndogo ya michango yenu kwa mfuko wa sheria. Nilisema shirika linalotegemea mfadhili wa mbali halina miguu imara. Shilingi 10 ya mwanachama haina masharti ya ng'ambo, na hakuna anayeweza kuiita pesa ya wageni. Mimi ningependa siku moja nilipwe na watu ninaowatetea, hata kama ni kidogo, kuliko kulipwa vizuri na mtu ambaye hajapata kulala seli ya Kenya.

Basi, uhuru wa raia ni kazi ya nani? Wakili anaweza kuandika karatasi na kusema mbele ya jaji. Lakini kujua kwamba mwenzako hakufika zamu leo, kuuliza yuko wapi, na kukataa kwenda nyumbani mpaka umwone, hiyo ni kazi ya aliyesimama naye kwenye mashine. Mkiifanya hiyo, yangu inakuwa nyepesi. Msipoifanya, mimi nitafika nimechelewa.

Sasa ulizeni maswali, na yale makali yaje kwanza.