Zelewski: Kutoka Pangani hadi Lugalo

Emil von Zelewski, luteni kutoka Prussia, alikuwa na umri wa miaka 34 alipoletwa Pangani mwaka 1888 kusimamia kituo cha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said alikuwa ametia saini mkataba ulioikabidhi kampuni forodha na utawala wa pwani. Zelewski aliuchukua kama ruhusa ya kumkanyaga kila aliyemkuta mjini.

Liwali Abdulgawi bin Abdallah alikataa kumtii bila amri ya Sultani. Basi Zelewski akaita manowari Carola. Agosti, watu wakiwa katika Iddi Kubwa, wanamaji waliteremka, wakaivunja nyumba ya liwali wakimsaka, wakaingia msikitini na viatu miguuni, mbwa nyuma yao. Anayetaka kujua kwa nini mji uliozoea wageni wa kila bandari uliwaka ghafla, na aanzie kwenye mikeka ile iliyokanyagwa.

Wiki chache baadaye wenye mji walimzingira Zelewski ndani ya nyumba ya kampuni. Aliyemwokoa ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza askari wa Sultani, akamvusha hadi Unguja. Vita vikaenea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi, na Ujerumani ikalazimika kumleta Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa kutoka Sudani na Msumbiji. Pangani ilitekwa Julai 1889. Abushiri alinyongwa mjini humo humo tarehe 15 Desemba.

Na Zelewski? Hakuadhibiwa. Aliingia katika kikosi cha Wissmann, akapelekwa Kilwa, na mwaka 1891, kikosi kilipogeuzwa jeshi rasmi la koloni, yeye ndiye aliyekabidhiwa ukamanda. Dharau iliyoiponza Pangani ilihesabiwa kuwa ushupavu. Hilo ndilo kosa kubwa la wakubwa wake, na liligharimu roho za watu wengi.

Wenyeji walimpa jina la Nyundo. Katikati ya mwaka huo aliongoza msafara kutoka Kilwa kwenda Uhehe, akichoma makazi njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, huko Lugalo, askari na wapagazi walikuwa wakipita kwenye njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, mizinga ikiwa imefungwa juu ya punda. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja alimpiga ndege risasi, na mlio huo ukawatoa Wahehe vichakani kabla ya wakati waliopanga. Haikusaidia kitu. Mikuki ilifika kabla mizinga haijafunguliwa. Ndani ya dakika chache Zelewski alikuwa amekufa, pamoja na Wajerumani kadhaa na sehemu kubwa ya askari wake.

Bunduki na mizinga ya msafara ikaangukia mikononi mwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wajerumani hawakuweza kuivunja ngome yake ya Kalenga mpaka tarehe 30 Oktoba 1894.