Ukimya wa Wodi na Pumzi ya Injini: Bomba la Moshi la Jenereta ya Hospitali katika Nyanda za Turbo

Jenereta ya dharura hununuliwa ili wagonjwa wasalimike umeme wa gridi unapopotea, kama ulivyopotea karibu kote nchini Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Lakini mashine hiyohiyo, ikifungwa bila uangalifu, huwanyima usingizi wale inaowalinda. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo huihesabu hospitali kuwa eneo la ukimya, ambamo sauti haitakiwi kuzidi desibeli 40 mchana na 35 usiku. Desibeli ni kipimo kinachopanda kwa kuzidisha, kiasi kwamba nyongeza ya 10 humaanisha nguvu ya sauti mara kumi, na bomba lisilo na sailensa huweza kupita desibeli 100 kwa mtu aliye karibu nalo.

Ugumu mkubwa uko kwenye mngurumo mzito. Injini ya silinda sita na mipigo minne, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, hutema moshi mara 75 kila sekunde, na wimbi la sauti hiyo ndani ya moshi wenye joto la nyuzi 500 hufikia urefu wa mita saba hivi. Sufi ya mawe inayotandikwa ndani ya sailensa hunyonya vyema miluzi myembamba, ila wimbi refu namna hiyo huipita karibu bila kuguswa; hulazimu kuwe na vyumba vilivyounganishwa kwa mirija, ambamo mawimbi hurudishwa nyuma na kupunguzana nguvu. Ndiyo maana sailensa ya daraja la hospitali huwa kubwa, na anayeikata ili ienee kibandani huondoa kazi yake yenyewe.

Hata hivyo, kila chumba na kila kona huongeza mgandamizo wa nyuma, yaani ukinzani ambao injini hulazimika kuushinda ili itoe moshi. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Turbo, magharibi yake kwenye barabara ya Malaba, iko chini kidogo tu. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, hivyo injini iliyokwisha kupungukiwa na oksijeni ikibanwa pumzi hupata joto, hutoa moshi mweusi na huenda ikalemewa wakati chumba cha upasuaji kinapoihitaji. Kuchagua sailensa kwa kutazama kipenyo cha bomba pekee, bila kukokotoa wingi wa moshi na mwinuko wa mahali, ni kosa lisilostahili kuvumiliwa.

Mdomo wa bomba nao uelekezwe mbali na madirisha, kwa kuwa tangu 2012 moshi wa dizeli umeainishwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani. Kipimo cha mwisho kichukuliwe wodini, penye kitanda, usiku, madirisha yakiwa wazi na jenereta ikibeba mzigo wake wote.